Kitabu cha Mtu Asiyepona

"Dada, una kitabu cha mtu asiyepona?"

Ritha aliinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti kwenye turubai lake karibu na Nyerere Square, akipanga vitabu vya mtumba huku upepo wa Dodoma ukivifunua ovyo. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, msimu wa Bunge la bajeti, na njia ya waenda kwa miguu ilifurika watu wa suti, wanafunzi wa vyuo na wauza zabibu. Mbele yake alisimama mwanaume mrefu aliyevaa miwani ya jua. Suti yake ya kijivu ilimpwaya kama aliyeazima kwa kaka yake mnene, na kitambulisho cha Bunge kilining'inia shingoni.

"Sijakuelewa, kaka. Kitabu gani?"

"Cha mtu aliyeumwa. Ila mwishoni asipone. Nimesoma vitatu, wote wamepona. Mmoja amepona kwa juisi ya mboga."

Ritha alicheka kabla hajajizuia. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mweusi wa kung'aa, mwenye mwanya. Siku hiyo alivaa gauni la kitenge cha njano lenye mikono mipana, na kilemba cha rangi hiyohiyo.

"Vya kutajirika ninavyo," alisema. "Vya kufaulu mitihani, vya kumpata mume, vya kumtunza mume. Vya kufa hakuna anayenunua."

"Mimi nanunua."

"Wewe unaumwa?"

"Rafiki yangu," alijibu yule mwanaume haraka. "Ameniagiza."

Ritha alimtazama kidogo, kisha akavuta mkoba wake na kutoa kijitabu kilichochanika jalada, simulizi ya mwalimu mmoja wa dini aliyeugua miaka mingi na kuandika mpaka mkono ulipokataa.

"Hiki hakiuzwi. Ninakuazima. Hizo alama za penseli ni za marehemu mume wangu, Fabian. Alikisoma akiwa kitandani. Figo. Nilimuuguza miaka miwili."

"Kilimsaidia?"

"Alisema angalau huyu mtu hamdanganyi."

Mwanaume alikipokea kwa mikono miwili. Alijitambulisha kwa jina la Wambura, mtu wa Mara, aliyehamia Dodoma serikali ilipohama. Kazi yake ilikuwa kusikiliza sauti za wabunge zilizorekodiwa na kuziandika neno kwa neno.

"Kwa hiyo wewe ndiye unayeandika yale makelele?"

"Na vicheko pia. Tunaandika kwenye mabano: kicheko."

Kesho yake alirudi, ingawa hakuwa amemaliza kitabu. Kesho kutwa alirudi tena, na mkononi alikuwa na vikombe viwili vya juisi ya ukwaju.

*

Kufikia Juni, baridi ilipoanza kuwakunja watu mabega, simu zao zilikuwa haziishi.

"Mama Vitabu, umeamkaje?"

"Salama, Mheshimiwa. Leo wamesema nini huko mjengoni?"

"Wameunga mkono hoja."

"Na wewe?"

"Mimi siruhusiwi kuunga mkono. Mimi ni wa kuandika tu."

"Basi andika hapo kwamba muuza vitabu amekumisi."

Wambura alikuwa amesimama kwenye korido ya ofisi, ameegemea ukuta, mkono umeshika ubavu wa kulia mahali palipokuwa pakimuuma tangu alfajiri.

"Imeingia kwenye kumbukumbu rasmi," alisema.

Ritha alijishangaa. Alipomzika Fabian kule Mvumi aliamini sehemu ile ya moyo imefungwa. Alianza biashara kwa kuuza vitabu vya mumewe kwa sababu hakuweza kulala navyo chumba kimoja, na alipoviuza vyote isipokuwa kile kijitabu akagundua kwamba anapenda watu wanaouliza vitabu. Sasa alijikuta anapaka mafuta mikononi kabla ya saa sita mchana, na anavaa hereni.

Wambura naye alijua anachofanya si haki. Mwezi Machi daktari alikuwa amemkalisha chini na kumweleza habari za ini lake, taratibu, bila kumficha. Saratani ilikuwa imekwenda mbali, hakukuwa na cha kukata. Kila jioni aliahidi kumwambia Ritha kesho. Kila kesho Ritha alicheka, na ule mwanya ulipoonekana aliahirisha tena.

Jumamosi moja ya Julai walikwenda Bahi. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi na mbuga ilikuwa bado na maji. Bodaboda iliwashusha kwenye kibanda cha mama mmoja aliyekaanga kambare, na mbele yao majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa yalinyooka mpaka macho yanakoma. Ritha alivaa gauni la bluu na sweta jeupe. Aliagiza wali na samaki kwa wawili, akala kwa furaha, akampa habari za mteja aliyetaka kurudisha kitabu cha mapenzi kwa sababu mkewe bado amenuna.

Kisha akaona sahani ya Wambura. Wali ulikuwa umesukumwa pembeni, umesambazwa ili uonekane umepungua. Alikuwa ameuona wali wa namna ile miaka miwili mfululizo.

"Wambura. Vua miwani."

"Jua kali, mpenzi."

"Tuko kivulini. Vua."

Aliivua. Macho yake yalikuwa ya njano.

Ritha aliweka kijiko chini. "Rafiki yako anaumwa nini?"

"Ini. Saratani."

"Rafiki yako ni nani?"

Wambura alitazama maji. "Nilitaka kukuambia leo."

"Siku ya kwanza kabisa nilikuambia nimemuuguza mume wangu miaka miwili. Kesho yake ukarudi. Mimi nikadhani umenifuata mimi."

"Nilikufuata wewe."

"Ulimfuata muuguzi. Ulisikia kuna mwanamke mjini anayejua kuosha mgonjwa na kukesha naye, ukaona hapa ndipo pa kufia. Niambie siyo."

Neno moja lingetosha. Lakini Wambura alikuwa mtu aliyezoea kuandika kilichosemwa na si kinachopendeza, na swali lile alikuwa amejiuliza mwenyewe mara nyingi kitandani. Alichelewa kujibu. Ritha alisubiri mpaka uso wake ukabadilika, akachukua mkoba, akaenda kupanda bodaboda peke yake. Yule mama wa samaki alimtazama Wambura, akaondoa sahani bila kuuliza kama ameshiba.

*

Wambura alipiga simu mara kadhaa. Ritha hakupokea. Kisha akaacha kupiga, na kuacha kwake kulimuuma Ritha kuliko alivyotegemea.

Agosti ilipita na vumbi lake. Septemba ikapita. Ritha aliwaambia wanaomuuliza kwamba yule kaka amehamishwa. Kila alipoona suti ya kijivu kwenye umati alijishughulisha na kufuta vumbi kwenye vitabu ambavyo ameshavifuta. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira ilikuwepo hofu tupu. Alikumbuka harufu ya chumba cha mgonjwa, alikumbuka jinsi Fabian alivyokuwa mwepesi mikononi mwake siku za mwisho, na mwili wake wote ulikataa kurudi huko.

Katikati ya Oktoba alikuja kijana mnene mwenye shati la mistari, na mkononi ana mfuko wa vitabu. Alijitambulisha kuwa ni Henry, anafanya kazi meza moja na Wambura.

"Shikamoo, dada. Ameniomba nirudishe vitabu vya watu."

Ritha alitazama ndani ya mfuko. Kijitabu cha Fabian kilikuwa juu kabisa, kimefungwa kwa karatasi kisichanike zaidi.

"Marahaba. Kwa nini hakuja mwenyewe?"

"Hawezi kutembea mbali siku hizi."

"Nani yuko naye?"

"Kaka yake, Raphael, amekuja kutoka nyumbani. Kabla ya hapo alikuwa peke yake." Henry alihamisha uzito wa mwili kutoka mguu huu kwenda ule. "Nilimwambia nikuite. Akakataa. Akasema ukija utafikiri anatafuta muuguzi, na kwamba ni afadhali ufikirie hivyo ukiwa mbali kuliko ukiwa hapo. Samahani, dada, ameniambia nisikueleze hata hili."

Ritha alikunja turubai mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aanze biashara.

Wambura aliishi Ilazo, nyumba ya vyumba viwili yenye ua mdogo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, amejifunika shuka la kimasai ingawa jua lilikuwa kali. Mashavu yalikuwa yameingia ndani na tumbo limejaa. Ritha alisimama getini. Alikuwa amejiandaa kwa alichokiona, na bado hakuingia mara moja.

"Nani kakuita?" Wambura aliuliza.

"Hakuna aliyeniita. Nimekuja kuuliza lile swali tena. Ulikuwa unatafuta muuguzi?"

"Sijui." Alivuta pumzi. "Nimelifikiria sana. Labda siku ya pili nilirudi kwa sababu ulikuwa umeshamwona mtu anaondoka na bado unaweza kucheka. Siku ya tatu nilirudi kwa sababu ya lile gauni la njano. Baada ya hapo nilirudi kwa sababu siku isiyo na wewe ilikuwa ndefu mno. Hilo ndilo jibu ninaloweza kulisema bila uongo."

Ritha alivuta kigoda akakaa karibu naye.

"Na mimi nilikimbia kwa sababu naogopa," alisema. "Bado naogopa. Umekula?"

"Hapana."

"Utakula uji?"

"Ukinichekea, nitajaribu."

Alijaribu kumchekea. Alilia badala yake, na Wambura akatoa mkono wake mwembamba chini ya shuka, akaushika wa Ritha.

*

Ritha alikuja kila siku baada ya hapo. Wauguzi wa hospitali ya misheni kule Mvumi, walipompeleka maumivu yalipozidi, walimwonyesha Raphael namna ya kumpimia mofini ya maji. Ritha hakuhitaji kuonyeshwa. Asubuhi maumivu yalipolala, walizungumza.

"Vile vitabu vyote," Wambura alisema siku moja, "vinasema mgonjwa hupata hekima. Anaona jua linachomoza, anaelewa kila kitu. Mimi sijaelewa kitu. Nimepata hasira tu, na njaa ambayo chakula kikija inakimbia."

"Fabian naye hakupata hekima. Siku ya mwisho aliuliza kama matokeo ya wanafunzi wake yametoka."

"Yalikuwa yametoka?"

"Bado. Nikamwambia wamefaulu."

Wambura alitabasamu. "Mimi usinidanganye."

"Sitakudanganya."

Wambura aliwasikiliza watoto wa jirani wakigombania baiskeli. "Miaka yote nimeandika maneno ya watu wengine," alisema. "Nilikuwa naona ni kazi ndogo. Siku hizi nalala hapa nasikia sauti yako jikoni unagombana na Raphael kuhusu chumvi, na natamani niandike kila neno. Sijui kama hiyo ndiyo maana ya maisha. Ila ndiyo niliyo nayo."

Mama yake, Mama Generosa, alikuwa mzee na miguu yake haikuweza safari ya kutoka Mara. Walimpigia simu kila jioni, simu ikiwa juu ya mto ili wote wasikie.

"Shikamoo, mama," Ritha alisema mara ya kwanza.

"Marahaba. Wewe ni nani?"

Ritha na Wambura walitazamana. "Ni rafiki, mama," Wambura alijibu.

Simu ilipokatika Ritha alitoka nje, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Aliporudi alisimama mlangoni, mikono imelowa.

"Nataka unioe."

"Ritha."

"Nisikilize. Fabian alipofariki nilikaa mbele. Watu walinishika mkono, walinipa pole, walijua mimi ni nani. Wewe ukiondoka nitakuwa rafiki wa marehemu. Nitakaa nyuma na majirani, na jioni nitapanda gari nirudi kuuza vitabu kama hakuna kilichotokea."

"Nikikuoa nitakufanya mjane mara mbili."

"Mjane nitakuwa hata usiponioa. Tofauti ni kwamba hakuna atakayejua."

Wambura alifumba macho. Ritha alidhani amelala.

"Raphael," aliita mwishowe. "Kaka, unalo shati jeupe?"

*

Raphael alikwenda Mvumi Jumapili iliyofuata, yeye na Henry, na shati jeupe lililopigwa pasi na Ritha mwenyewe. Baba yake Ritha, Mzee Mazengo, aliwapokea uani.

"Mbukwenyi," aliwasalimu kwa Kigogo, kisha akaendelea kwa Kiswahili. Waliletewa ugali wa uwele na mlenda. Walipokwisha kunawa, Raphael alieleza kilichowaleta.

Mzee alisikiliza, fimbo imelala mapajani. "Nasikia mtu wenu ni mgonjwa."

"Ni kweli, mzee."

"Wa kupona?"

"Hapana, mzee. Sitakudanganya."

"Binti yangu ameshavaa nyeusi. Nilimwona akiwa hali, halali, hasemi. Sasa mnataka nimtoe kwa mikono yangu arudi kulekule?"

Ritha alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, na kwa desturi hakupaswa kusema neno. "Baba," alisema, "mimi nimeshakwenda. Nakuomba unisindikize tu."

Mzee Mazengo hakugeuka. Alikaa muda mrefu akitazama fimbo yake. "Kaka yangu yuko Kibakwe," alisema. "Siwezi kujibu bila yeye. Mje tena baada ya wiki mbili."

Wambura alipoambiwa, alisema mzee ana haki. Alimwomba Ritha amnyoe ndevu ili awe tayari.

Hakufikisha wiki mbili. Alifariki asubuhi, mwishoni mwa Novemba, kichwa chake kikiwa mkononi mwa Ritha, kabla mvua hazijafika Dodoma.

*

Safari ya kwenda Mara ilichukua mchana kutwa na zaidi. Ritha alikaa nyuma ya dereva kwenye basi dogo lililofuata gari la jeneza. Pembeni yake alikuwa baba yake, amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa amefika Ilazo alfajiri ya safari bila kuitwa, akapanda gari, akakaa. Mara moja tu, walipopita Singida, alimpa binti yake chupa ya maji na kungoja mpaka anywe.

Nyumbani kwa kina Wambura palikuwa pamejaa watu. Ritha alishuka, nguo imekunjamana, macho makavu. Tangu asubuhi ile hakuwa amelia. Mwanamke mmoja mwenye kanga nyeusi alimsogelea kwa upole.

"Pole na safari, dada. Wewe ni nani wa marehemu?"

Ritha alifungua mdomo. Alitafuta neno na hakulipata.

"Kazini kwake?" yule mwanamke alimsaidia. "Basi wa kazini wamekaa kule, chini ya lile turubai la pili."

Ritha alikwenda akakaa kule. Wakati wa ibada ulisomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliajiriwa lini. Hakuacha mke wala mtoto, msomaji alisema, na watu wakaguna kwa huruma. Henry, aliyekaa karibu na Ritha, aliinamisha kichwa.

Walipomaliza kuzika, wazee wa ukoo waliuliza kama kuna mwenye neno. Mzee Mazengo alisimama. Minong'ono ilipita, kwa kuwa hakuna aliyemjua. Alivua kofia.

"Mimi ninaitwa Mazengo. Natoka Mvumi, Dodoma. Sina maneno mengi. Ndugu zenu walikuja nyumbani kwangu na swali, nikawaambia wangoje. Nilidhani namkinga mwanangu." Alikunja kofia yake mkononi. "Nilichelewa. Sikutaka jibu langu libaki njiani, ndiyo maana nimelileta mwenyewe. Jibu langu ni ndiyo. Mtoto wangu yule pale. Anaitwa Ritha. Ndiye aliyemshika kijana wenu mpaka mwisho."

Vichwa viligeuka kuelekea turubai la pili. Ritha alitazama chini.

Mama Generosa alikuwa amekaa mkekani mbele ya nyumba, mdogo, mkavu, kanga mbili zimemzunguka. Alisema kitu kwa Kikurya na wanawake waliomzunguka wakaanza kusogea, mmoja baada ya mwingine, mpaka nafasi ikapatikana ubavuni mwake. Yule mwenye kanga nyeusi alikuja akamshika Ritha mkono.

"Mama anakuita. Anasema mke wa mwanawe hawezi kukaa na wageni."

Ritha alitembea mbele ya watu wote, akavua viatu, akakaa. Mama Generosa alimpapasa uso kwa vidole vigumu.

"Wewe ndiye yule wa kwenye simu," alisema kwa Kiswahili cha taratibu.

"Ndiyo, mama."

"Mlinidanganya kuwa wewe ni rafiki."

"Tulikosa neno, mama. Utusamehe."

"Mimi sikuwepo. Wewe ulikuwepo. Nieleze alivyokufa mwanangu. Usinifiche kitu."

Ritha alitazama mikono yake. Alikuwa ameahidi kutomdanganya Wambura, akaona ahadi ile inamhusu na mama huyu.

"Usiku alihangaika sana," alianza. "Dawa haikumtosha. Asubuhi maumivu yakatulia. Nikamwosha uso. Alitaka uji, nikamletea, akanywa vijiko viwili. Akaniambia nifungue dirisha. Halafu akaniuliza kama huku kwenu mvua imenyesha, kwa sababu ulimwambia kwenye simu kwamba mahindi yanakauka. Nikamwambia sijui. Akasema, ukijua uniambie."

Hapo machozi aliyoyangoja siku zote zile yakaja, mengi, yakilowesha kanga ya mama mzee aliyemvuta kifuani.

"Ilinyesha," alisema Mama Generosa, akimpapasa mgongo. "Siku ileile, mchana. Ilinyesha sana." Alimwacha alie. Kisha akamfuta uso kwa ncha ya kanga yake. "Haya, mwanangu. Endelea. Baada ya hapo alisema nini?"

Ritha akavuta pumzi, akaendelea.